Kunyoosha misuli na mazoezi ya moyo: kipimo ndicho kinachowasumbua makocha

Ingia jimu yoyote ya Nairobi saa kumi na mbili jioni, iwe Ngong Road, Umoja au Roysambu, na utaona mambo mawili yakiendelea kwa wakati mmoja. Kuna mtu amesimama karibu na mlango, amevuta kisigino hadi makalioni, ameganda hivyo dakika mbili nzima huku akisoma simu, kisha anaenda moja kwa moja kuruka sanduku. Na kuna mwingine juu ya mashine ya kukimbilia, pumzi imemkata, kwa sababu karatasi iliyobandikwa ukutani inasema mtu wa umri wake anapaswa kufikisha mapigo fulani ya moyo. Wote wawili walielekezwa na kocha. Kocha naye hakuwadanganya. Alifundishwa hivyo, ila alifundishwa nusu.

Naandika haya kwa mkufunzi anayeanza kazi, na pia kwa mteja anayetaka kujua sababu ya anachoambiwa. Katika kozi nyingi, wepesi wa viungo na ustahimilivu wa moyo huguswa juujuu baada ya habari za vyuma. Kocha anahitimu akijua minyoosho chungu nzima, lakini hajui ni ya nani, ifanywe lini, wala kwa sekunde ngapi. Anajua fomula ya mapigo ya moyo na hajui inapokosea. Tatizo hapo ni kipimo, na kipimo hakipatikani ukutani. Kinapatikana kwa mteja aliyesimama mbele yako.

Msuli unapovutwa

Msuli una vihisio viwili ambavyo kila kocha anapaswa kuvijua. Cha kwanza kimejificha kati ya nyuzi za msuli, na kazi yake ni kupima msuli umerefuka kiasi gani na kwa kasi gani. Ukiuvuta ghafla, kihisio hiki kinapeleka habari kwenye uti wa mgongo na msuli unajikaza wenyewe ili usichanike. Ndiyo maana kule kujirusharusha ukijaribu kugusa vidole vya miguu, tulikofundishwa wengi wetu shuleni, humfanya mtu asiyezoea akaze zaidi. Kihisio cha pili kiko pale msuli unapoungana na kano yake, nacho hupima mkazo. Mkazo ukidumu, hutuliza msuli. Vitabu vya ukocha husema hiki cha pili ndicho sababu ya kushikilia mnyoosho kwa sekunde 30: tulia, kitauzima ule mkazo, msuli utaachia.

Maelezo hayo yana ukweli wake lakini hayatoshi. Watafiti waliopitia ushahidi mwaka 2010 walionyesha kwamba katika majuma ya mwanzo msuli wenyewe haurefuki kiasi cha kueleza mabadiliko tunayoyaona. Kinachobadilika zaidi ni uvumilivu. Mfumo wa fahamu unajifunza kwamba mvuto ule hauna hatari, unauruhusu ufike mbali kidogo. Kwa kocha, hili linabadilisha namna ya kufanya kazi. Mteja anayekunja uso, kuuma meno na kuzuia pumzi hajifunzi kwamba pale alipofika ni salama. Mfikishe mahali anapohisi msuli unavutika bila kuuma, apumue polepole, akae hapo sekunde 10 hadi 30, arudie mara mbili hadi nne, mpaka kila msuli uwe umepata kama dakika moja kwa jumla. Wazee hufaidika zaidi na sekunde 30 hadi 60. Afanye hivyo siku mbili au tatu kwa wiki, na akiweza kila siku ni bora zaidi. Hivyo ndivyo viwango vya Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo, kinachojulikana kwa kifupi kama ACSM, na havihitaji kifaa chochote zaidi ya mkeka.

Sasa lile swali la kila siku: kabla au baada? Ukishikilia mnyoosho zaidi ya sekunde 60 kwa msuli mmoja, kisha ukaenda kuruka, kukimbia mbio fupi au kunyanyua uzito mkubwa, nguvu yako hupungua kwa muda. Chini ya sekunde hizo athari ni ndogo, na ukifuatisha mazoezi ya kupasha mwili moto, mteja wa kawaida hataiona. Kwa hiyo usimtishe mtu kwamba akinyoosha sekunde 20 kabla ya mazoezi ameharibu siku. Mpe tu utaratibu unaofaa zaidi: dakika tano hadi kumi za mwendo mwepesi mpaka jasho lianze kuchungulia, kisha minyoosho ya mwendo, yaani kurusha mguu mbele na nyuma, kuzungusha nyonga, kupiga hatua ndefu na kushuka, mara 10 hadi 15 kila upande. Ile ya kukaa na kushikilia aifanye mwishoni, au nyumbani kabla ya kulala.

Kuna imani moja ambayo ningependa makocha wa mji huu waiache kabisa, ile ya kwamba kunyoosha huzuia maumivu ya kesho yake. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2011 na Cochrane, shirika la kimataifa linalopima ushahidi wa tiba, yalikuta kwamba tofauti ni ndogo mno, unyooshe kabla au baada. Mteja aliyeamka hawezi kushuka ngazi kwa sababu ya mapaja hakukosa kunyooshwa. Alipewa kazi nyingi kupita uwezo wake wa siku ile, na huo ni uamuzi wa kocha.

Jambo lingine halisemwi vya kutosha: vyuma vyenyewe hunyoosha. Mapitio ya mwaka 2021 yalikuta kwamba mazoezi ya nguvu yanayofanywa kwa upana wote wa kiungo huongeza wepesi karibu sawa na kunyoosha. Kuchuchumaa hadi chini, kuinama na uzito mwepesi huku mgongo umenyooka, kusukuma uzito juu ya kichwa mpaka mkono ufike mwisho, yote hayo yanafanya kazi mbili kwa pamoja. Mteja aliye na dakika 40 tu kabla ya kukimbilia matatu hana haja ya dakika 20 za mkeka.

Chukua mfano wa kitu kinachoonekana kila siku. Mteja anachuchumaa, visigino vinainuka, goti la kushoto linaingia ndani. Kocha mgeni hukimbilia kusema nyonga zimekaza, na kumpa mnyoosho wa nyonga wa miezi mitatu. Pima kwanza kifundo cha mguu. Mvue viatu, asimame akitazama ukuta, kidole gumba cha mguu kikiwa sentimita 10 kutoka ukutani. Tumia rula, usikisie. Mwambie apeleke goti mbele liguse ukuta bila kuinua kisigino. Hapo chini ya kisigino weka kipande cha karatasi na ukishike. Karatasi ikichomoka kwa urahisi, kisigino kimeinuka hata kama jicho halikuona. Msogeze mbele au nyuma mpaka upate umbali wa mwisho anaoweza, andika, kisha fanya mguu wa pili. Mguu wa kulia ukifika sentimita 11 na wa kushoto ukakwama kwenye 6, umepata pa kuanzia.

Kisha muulize anahisi wapi. Akisema kigimbi kinavutika kwa nyuma, kunyoosha kigimbi kutasaidia: mara moja goti likiwa limenyooka, mara nyingine likiwa limekunjwa, kwa sababu misuli miwili tofauti inahusika. Akisema kuna kitu kinabana kwa mbele, pale mguu unapokunjika, usipoteze muda kuvuta kigimbi. Kiungo chenyewe ndicho kinachokataa, na huyo mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, hasa kama aliwahi kuteguka.

Nasisitiza kupima kwa sababu kuhisi msuli umekaza si ushahidi kwamba ni mfupi. Wapo wateja wengi wa maofisini, wanaoketi tangu asubuhi kisha wakaketi tena saa nzima kwenye foleni ya Thika Road, wanaolalamika kwamba misuli ya nyuma ya paja imekaza kama kamba. Ukimlaza chali na kuuinua mguu wake goti likiwa limenyooka, unafika karibu nyuzi 90 bila ubishi. Msuli huo hauna ufupi wowote. Mara nyingi ni dhaifu au umechoka kushika msimamo mmoja kutwa, na unataka kazi ya nguvu pamoja na kusimama kila baada ya muda. Na wale ambao viungo vyao ni vilegevu tangu utotoni, ambao vidole vyao hukunjika kuelekea nyuma bila shida, usiwanyooshe zaidi. Wajengee nguvu.

Moyo haujui fomula

Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake husukuma takriban lita tano za damu kwa dakika. Kiasi hicho kinatokana na mambo mawili: mapigo kwa dakika, na damu inayotoka katika kila pigo. Mazoezi hubadilisha zaidi hicho cha pili. Mwenye mkokoteni wa maji akipata mkokoteni unaobeba mitungi kumi badala ya mitano, atapeleka maji yale yale kwa safari nusu. Moyo uliozoezwa hujaa zaidi na kusukuma zaidi kwa pigo moja, kwa hiyo mapigo ya asubuhi mtu akiwa bado kitandani hushuka. Maji ya damu huongezeka mapema, ndani ya siku chache za kwanza. Baada ya majuma kadhaa, misuli nayo huongeza mishipa midogo ya damu na vile viwanda vidogo ndani ya chembe vinavyotumia oksijeni, yaani mitokondria.

Mifupa na kano huchukua muda mrefu zaidi. Hapa ndipo wanaoanza kukimbia huumia. Baada ya mwezi mmoja pumzi imekubali, mtu anajisikia ana nguvu, anaongeza kilomita maradufu kwa sababu ya mbio za Oktoba mjini, kisha muundi unaanza kuuma kila akikanyaga lami. Mapafu yalikuwa tayari, muundi haukuwa. Mchanganyishie kutembea na kukimbia, mtafutie njia ya udongo kama zile za msitu wa Karura au Arboretum, na usimruhusu aongeze kasi na umbali katika wiki moja. Njia hizo zina faida nyingine ambayo mapafu yataishukuru, kwani kukimbia kando ya Mombasa Road wakati wa msongamano ni kuvuta moshi wa malori kwa pumzi ndefu.

Turudi kwenye karatasi ya ukutani. Ile hesabu ya 220 kutoa umri haikutokana na jaribio lililopangwa kuitafuta. Ilichorwa mwaka 1971 kutoka kwa takwimu zilizokuwapo, ikapendwa kwa urahisi wake. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Tanaka walitoa nyingine: 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Kwa mtu wa miaka 40 zote mbili zinatoa 180. Kwa wa miaka 60, ya kwanza inasema 160 na ya pili 166. Hata iliyo bora zaidi ni wastani wa watu wengi. Mtu mmoja anaweza kupishana nayo kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini, akiwa mzima wa afya kabisa.

Njia iliyopendekezwa na Mfini Karvonen mwaka 1957 inasaidia kwa sababu inaingiza mapigo ya mtu akiwa ametulia. Wachukue wanawake wawili wa miaka 45. Kiwango chao cha juu kinakadiriwa kuwa 176. Wa kwanza, mhasibu ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka, ana mapigo 75 akiamka. Wa pili hutembea kwa kasi kila asubuhi tangu apate watoto, naye ana 55. Toa mapigo ya kutulia kutoka kiwango cha juu, chukua asilimia 40 hadi 59 ya kinachobaki, kisha urudishe yale ya kutulia. Kiwango cha kazi ya wastani, yaani si nyepesi wala nzito, kwa mhasibu ni kama 115 hadi 135. Kwa mwenzake ni 103 hadi 126. Umri ni ule ule, karatasi ya ukutani ingewapa namba moja.

Hata hiyo haitoshi, na sababu ni presha. Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza, uitwao STEPS, wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa kwenye matibabu. Baadhi ya wanaotibiwa hupewa dawa za jamii ya beta-bloka, kama atenolol au bisoprolol, ambazo huzuia mapigo yasipande. Mteja wa aina hiyo anaweza kuwa ameishiwa kabisa huku saa ya mkononi ikionyesha 110. Kocha anayefuata namba atamwambia aongeze kasi. Ndiyo sababu siku ya kwanza, kabla ya chochote, unamjazisha fomu ya PAR-Q yenye maswali ya maumivu ya kifua, kizunguzungu, presha na dawa. Akijibu ndiyo mahali, anamwona daktari kwanza, hata kama amelipa mwezi mzima.

Kwa wote, wenye dawa na wasio na dawa, kuna kipimo ambacho hakidanganyi kirahisi: mazungumzo. Mwambie mteja akiwa anatembea au anakimbia akutajie vituo vya matatu kutoka mjini hadi kwake. Anayekaa Karen akiweza kusema Community, Prestige, Adams, Dagoretti Corner, Karen kwa mkupuo bila kuhema katikati, kazi yake ni nyepesi. Akilazimika kuvuta pumzi mara moja au mbili lakini akamaliza vizuri, yuko kwenye wastani. Akitaja kituo kimoja kimoja huku akihema, yuko kwenye kazi nzito. Mahali pale mazungumzo yanapoanza kukatika panakaribiana sana na kiwango ambacho maabara hukipima kwa barakoa na mashine za gharama kubwa. Ongeza na kipimo cha Borg, yule mtafiti wa Uswidi, cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutulia na 10 ni mwisho wa uwezo: muulize kazi ni nzito kiasi gani, naye akupe namba.

Mazungumzo yanafaa Nairobi kwa sababu nyingine. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu ya lile la pwani kwa kama asilimia 18. Mteja aliyehamia kutoka Mombasa wiki jana atakimbia kwa kasi ile ile aliyozoea na moyo utapiga zaidi. Hajaharibika. Mpunguzie kasi kwa majuma mawili matatu, mfuate kwa pumzi yake, na mwili utajipanga.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kwamba mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za kazi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za kazi nzito, au mchanganyiko wake, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Mwanamke anayeshuka matatu vituo viwili kabla na kutembea kwa kasi dakika 15 asubuhi na 15 jioni, siku tano, amefikisha 150. Usimdharau eti hajaonekana jimu.

Ugonjwa mkubwa ninaouona ni ule wa kufanya kila kitu kwa ugumu mmoja wa katikati. Siku zote mteja anakimbia kwa kasi ya kumchosha kiasi, haijawahi kuwa nyepesi ya kutosha kumjengea msingi wala nzito ya kutosha kumsukuma juu. Angalia wakimbiaji wetu. Pale Iten, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, makundi ya watu wenye uwezo wa kushinda mbio za dunia huanza asubuhi za mazoezi mepesi kwa mwendo ambao mgeni anaweza kuufuata kwa muda, wakipiga soga. Wana siku za kazi nzito, na siku hizo hujitesa kweli. Kwa mteja wako, majuma manne hadi sita ya mwanzo yawe ya mwendo anaoweza kuzungumza, dakika 20 hadi 30, siku tatu au nne. Baada ya hapo mwekee siku moja ya vipande: dakika moja ya kazi nzito, mbili au tatu za mwendo mwepesi, mara tano au sita. Siku nyingine zibaki nyepesi, hata akilalamika kwamba hatoki jasho.

Mwishoni asisimame ghafla. Damu nyingi iko miguuni na mishipa imepanuka. Misuli ikiacha kuisukuma irudi juu, presha hushuka na mtu huona giza. Wanaotumia dawa za presha ndio walio hatarini zaidi. Dakika tano za kutembea zinatosha, na huo ndio wakati mzuri wa kuingia kwenye ile minyoosho ya kushikilia, misuli ikiwa bado ina joto.

Kujua kama kazi imezaa, tumia kipimo cha ngazi cha dakika tatu. Tafuta ngazi au benchi imara ya sentimita 30, weka programu ya kupiga mdundo kwenye simu kwa midundo 96 kwa dakika, mteja apande na kushuka kwa mdundo huo: juu, juu, chini, chini. Dakika tatu zikiisha aketi papo hapo, na ndani ya sekunde tano anza kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Andika pamoja na ule umbali wa kidole gumba cha mguu na ukuta. Rudia baada ya majuma manane, saa ile ile ya siku, viatu vile vile, na asiwe amekunywa chai au kahawa muda mfupi kabla. Kwa aliye kwenye beta-bloka, mapigo hayo hayatakuonyesha mengi. Kwake linganisha namba ya Borg aliyokupa mwishoni mwa dakika ya tatu. Vipimo vyote viwili vikibaki palepale, angalia kwanza amehudhuria mara ngapi, kisha uangalie dakika na ugumu uliompangia, kabla ya kumtafutia zoezi jipya.